Jiwe Lililoyumba Mlangoni

Kila asubuhi Okello alitoka nyumbani kwake Kisumu Ndogo, Kibera, akakanyaga jiwe la mlangoni. Kila asubuhi jiwe hilo liliyumba.

Lilikuwa jiwe bapa la rangi ya kahawia. Urefu wake ulikuwa kama mita moja. Okello alikuwa amelilaza juu ya mtaro wa maji machafu ili familia yake ipite bila kuchafuka. Upande wa juu ulikuwa laini. Upande wa chini ulikuwa na vinundu vitatu. Vinundu hivyo ndivyo vilivyolifanya jiwe liyumbe.

"Baba Whitney," mke wake Aoko alimwambia Jumamosi moja, "watu wanakuita fundi wa mawe. Mbona jiwe la mlango wako linacheza disko?"

"Nitalichonga kesho."

"Hiyo kesho nimeisikia tangu mwezi uliopita. Jana nilimwaga hapo beseni zima la omena, dagaa wangu wa kuuza. Leo nitamwita Osewe alichonge."

"Osewe anashona viatu."

"Lakini ana nyundo. Na akisema leo, ni leo."

Okello alicheka. Alichukua sanduku lake la vifaa, akaanza safari ya kwenda Kawangware kwa miguu.

Huko Kawangware, upande wa kuelekea Riruta, mmiliki mmoja wa kiwanja, au mwenye ploti kama wanavyoitwa huko, alikuwa amejenga nyumba mpya. Jina lake lilikuwa Gerishon Kabiru. Okello ndiye aliyetandika mawe ya uani, kuanzia kwenye geti hadi mlangoni. Yalikuwa mawe bapa yanayoletwa na lori kutoka Pwani. Mafundi huyaita mazeras. Siku hiyo, saa tisa alasiri, mchungaji na wenye ploti wengine wangekuja kuiombea nyumba.

Okello alitaka kufagia mawe na kuyaosha kabla ya wageni kufika. Lakini alipokaribia, aliona watu wamejaa getini. Walipomwona, walinyamaza. Wakampisha.

"Okello," Gerishon aliita. Hakumpa mkono kama siku nyingine. "Njoo uone kitu."

Mke wa Gerishon, Angeline, alikuwa amesimama kwenye udongo, kando ya mawe. Hakutaka kuyakanyaga. Alinyoosha kidole kwenye jiwe lililokuwa mbele ya mlango. Juu ya jiwe hilo kulikuwa na alama tatu, moja mbele ya nyingine. Kila alama ilikuwa na vidole vitatu vyenye ncha kali.

"Huo ni mguu wa nani?" Angeline aliuliza.

"Sijui, Sista Angeline. Jiwe lilikuja na alama hizo."

"Lilikuja nazo?" Angeline alimgeukia Mburu, fundi aliyefanya kazi pamoja na Okello. "Mburu, wewe ni mtu wa kanisa. Jiwe lilikuja hivi?"

Mburu alitazama viatu vyake. "Mimi nilimwona akizichonga," alisema polepole. "Kwa tindo na nyundo. Halafu akazimwagia asidi. Sikumuuliza."

Watu wakaanza kunong'ona.

Mwaka huo ulikuwa 1995. Maneno kuhusu watu wanaoabudu shetani yalikuwa kila mahali Nairobi. Watu waliyasikia redioni, wakayasoma magazetini, kisha wakayaongeza njiani. Sasa hapa palikuwa na mguu wa vidole vitatu, mbele ya mlango wa nyumba mpya, siku ya kuiombea.

Mburu hakuwa amesema uongo. Ni kweli alizichonga alama zile. Alipolipasua jiwe, alama zilikuwepo tayari, lakini hazikuonekana vizuri. Alizipenda. Aliona ni urembo wa jiwe lenyewe. Kwa hivyo alichukua tindo, ile patasi ya chuma ya kuchongea mawe, akaziongeza kina kidogo. Kisha akaliosha jiwe kwa asidi ling'ae. Akaliweka mbele ya mlango kwa sababu lilikuwa zuri kuliko mengine yote.

Alijaribu kueleza hayo yote. Maneno yalitoka yamechanganyika.

"Kwa hivyo umekubali," mtu mmoja alisema nyuma yake. "Amekubali, si mmesikia?"

"Wacheni aongee," Gerishon alisema.

"Aongee nini tena, mzee? Ameshaongea."

Okello aligeuka. Mtu yule alikuwa ameokota kipande cha jiwe. Hakukirusha. Alikuwa anakipimapima tu mkononi.

Gerishon alimsogelea Okello. Aliongea kwa sauti ya chini. "Sikiza. Wenye ploti wa eneo hili watakuwa hapa saa tisa. Wataniuliza. Nitawaambia Okello ni fundi wangu, au nitawaambia Okello ameniwekea kitu kibaya mlangoni. Nikisema hilo la pili, hakuna atakayekupa kazi Kawangware na Riruta. Na hawa wa getini sitaweza kuwazuia. Kwa hivyo kama una kitu cha kunionyesha, nionyeshe sasa."

Okello alifunga macho. Aliliona lile jiwe siku alipolipasua. Lilikuwa jiwe moja nene. Alilipiga tindo ubavuni, likaachana kama mkate. Yakatoka mapande mawili. Pande la chini lilikuwa na alama zilizozama. Pande la juu lilikuwa na vinundu. Hilo la vinundu hakuna mteja ambaye angelitaka, kwa hivyo alilipeleka nyumbani.

Alifungua macho haraka. Alikuwa amekumbuka maneno ya Aoko kuhusu Osewe na nyundo yake.

"Mzee, kuna pande la pili," alisema. "Liko kwangu Kibera. Lina alama hizihizi, lakini zimeinuka badala ya kuzama. Hakuna mtu anaweza kuchonga kitu kama hicho. Nipe ruhusa nikalilete."

"Akitoka hapa hatarudi," Angeline alisema.

"Atarudi," Gerishon alisema. "Vifaa vyake vinabaki hapa. Na Mburu ataenda naye."

Ilikuwa saa nne kasorobo.

Okello na Mburu walitembea kwa mwendo wa kasi. Walipofika Barabara ya Ngong, Okello alishindwa kuvumilia.

"Tumekula ugali kwenye sahani moja miaka mitatu, Mburu."

"Ulitaka nidanganye?"

"Nilitaka useme yote."

"Yote sikuyajua, buda wangu. Nilijua nilichoona." Mburu alijifuta jasho. "Na mimi niliogopa. Wangesema tuko pamoja."

Okello alianza kukimbia. Mburu akamfuata.

Walipoingia kwenye kichochoro cha nyumbani, Okello alisikia sauti. Ko. Ko. Ko. Ilikuwa sauti ya nyundo juu ya jiwe.

"Osewe! Wacha!"

Osewe, fundi wa viatu, alikuwa ameketi kwenye kigoda. Jiwe la mlangoni lilikuwa limegeuzwa, vinundu juu. Mkono wake ulikuwa hewani, nyundo ndani yake.

"Omera, ndugu yangu, tulia," alisema kwa furaha. "Nimetoa kimoja. Hivi viwili ni dakika kumi tu. Wewe andaa soda."

Okello alimshika mkono. Aliangalia jiwe. Mahali pa kinundu cha kwanza palikuwa na kovu jeupe na vumbi. Viwili vilikuwa vizima. Alikaa chini kwenye tope.

Aoko aliinuka kutoka kwenye meza yake ya omena. "Baba Whitney, kuna nini? Umefukuzwa kazi?"

Okello alimweleza. Alipofika kwenye habari za watu wa getini, Aoko alifunika mdomo kwa leso.

Mbele ya meza ya Aoko alikuwa amesimama mteja, kopo la omena mkononi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mkaazi wa Ayany, mtaa wa jirani. Jina lake lilikuwa Ndunge. Alifanya kazi makumbusho. Kazi yake ilikuwa kusafisha mifupa ya zamani iliyogeuka mawe. Kwa sababu hiyo watu walimtania kwa jina la Mama Mifupa.

Ndunge alirudisha kopo mezani. Alisogea, akachuchumaa karibu na jiwe.

"Mtu yeyote asiliguse," alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini Osewe aliirudisha nyundo yake mfukoni. "Aoko, una kioo?"

"Cha nini saa hii, Mama Mifupa? Unataka kujipodoa?"

"Kilete tu, dada yangu."

Aoko alileta kipande cha kioo. Ndunge alikishika karibu na ardhi, akaelekeza mwanga wa jua kutoka ubavuni mwa jiwe. Vivuli vikatokea. Vile vinundu havikuwa vinundu tena. Kila kimoja kilikuwa mguu. Vidole vilikuwa vitatu, vyembamba, na kwenye ncha ya kila kidole palionekana ukucha.

"Mama yangu," Osewe alisema. "Nimekata mguu wa mtu."

"Sio mtu," Ndunge alisema. "Na sio shetani. Ngoja kwanza." Alitoa kipimo cha utepe kwenye mkoba wake, akapima bila kuligusa jiwe. "Sentimita kumi na mbili. Okello, simama hapa. Mnyama mwenye mguu kama huu, ukitaka kujua nyonga yake ilikuwa juu kiasi gani, unazidisha urefu wa mguu mara nne. Mara nne ni ngapi?"

"Arobaini na nane," Mburu alijibu. Alikuwa mzuri wa vipimo.

"Nyonga yake ilifika hapa." Ndunge aligusa goti la Okello. "Alitembea kwa miguu miwili. Alikuwa na mkia mrefu nyuma wa kumsawazisha. Wale waliokula majani walikuwa na vidole vinene, butu. Huyu vidole vyake ni vyembamba na kucha ni kali. Kwa hivyo nadhani alikuwa mwindaji. Alikula vitu vidogo, kama mijusi na wadudu. Alikuwa dinosaria, lakini mdogo."

"Dinosaria si wakubwa kama nyumba?" Aoko aliuliza.

"Wengine. Wengine walikuwa wadogo. Wote waliisha zamani sana, mamilioni mengi ya miaka kabla ya binadamu wa kwanza. Waliobaki wa ukoo wao ni ndege. Ndiyo maana unaona kama mguu wa kuku."

"Na aliwezaje kukanyaga jiwe likabonyea?" Okello aliuliza.

"Hakukanyaga jiwe. Alikanyaga mchanga uliolowa, pembeni mwa maji. Jua likakausha ule mchanga. Baadaye maji yakaleta mchanga mwingine, ukajaza alama za miguu. Ukaja mwingine juu, na mwingine. Miaka mingi sana ikapita, yote ikawa jiwe. Halafu wewe ukaja na tindo yako ukafungua. Pande la chini lina mashimo. Pande la juu lina mchanga uliojaza mashimo hayo. Kitu kama hiki tunakiita kisukuku. Ni alama ya kiumbe wa kale iliyogeuka jiwe."

Ndunge aliongea taratibu, lakini macho yake yaling'aa. "Mimi sijawahi kusikia nyayo kama hizi kwenye mawe haya ya kutandika. Wakubwa wangu lazima walione. Na hilo pande la chini, ulisema liko wapi? Liko zima?"

Okello aliinamisha kichwa. "Nilizichonga. Nilitaka zionekane vizuri."

"Zote tatu?"

"Zote. Na nikaosha na asidi."

Ndunge alilitazama kovu jeupe alilofanya Osewe, kisha akatazama vinundu viwili vilivyobaki. Okello alitamani amgombeze. Hakumgombeza.

"Ndani ya unyayo kuna vitu vidogo," alisema mwishowe. "Mikunjo ya ngozi. Mahali kidole kiliteleza. Mahali uzito ulilala. Tindo ikipita mara moja, hivyo vyote vimekwenda. Tunabaki na alama ya tindo." Alivuta pumzi. "Hukujua. Lakini sasa hizi nyayo mbili ndizo zimebaki. Jiwe hili halitoki hapa hadi Jumatatu, nije na gari na watu wa kulifunga vizuri."

"Madam, tunalihitaji saa tisa leo," Mburu alisema.

"Kwa mkokoteni? Njia yenyewe ni mashimo. Likivunjika, hakuna lingine."

"Na mume wangu akivunjika?" Aoko aliuliza.

Jirani mmoja alizima redio. Ndunge alimtazama Aoko kwa muda mrefu.

"Toa godoro," alisema.

Aoko alitoa godoro la kitanda chao, blanketi mbili na leso zake zote. Osewe alikwenda kukopa mkokoteni. Ndunge alipiga picha ya jiwe kwa kamera ndogo aliyokwenda kuichukua nyumbani, akiwa ameweka kipimo kando ya nyayo. Kisha aliwaonyesha jinsi ya kulibeba. Walilishika pembeni tu. Walililaza upande wa nyayo ukiwa juu, wakaufunika kwa leso na blanketi.

Okello alivuta mkokoteni. Mburu na Osewe walisukuma. Ndunge alitembea pembeni, mkono mmoja juu ya blanketi. Walienda polepole, na saa haikuwasubiri. Saa saba iliwakuta bado wako Barabara ya Ngong. Saa nane ikawakuta Dagoretti Corner.

Karibu na Kawangware, gurudumu la kushoto liliingia kwenye shimo. Mkokoteni uliinama. Jiwe likaanza kuteleza juu ya godoro.

Mburu aliruka upande wa chini. Alilipokea jiwe kwa kifua. Uso wake ulikunjamana kwa maumivu, lakini hakusogea.

"Inua," alisema kwa shida. "Inueni mkokoteni, sio jiwe."

Wakauinua. Ndunge alifunua blanketi, akatazama. Nyayo zilikuwa salama. Okello alimtazama Mburu. Shati lake lilikuwa limepasuka begani.

"Uko sawa?"

"Vuta mkokoteni, Okello. Saa inaenda."

Walifika saa tisa na dakika chache. Wageni walikuwa wameketi uani, chini ya hema. Mchungaji alikuwa amefika. Getini watu walikuwa wengi kuliko asubuhi. Yule mtu mwenye kipande cha jiwe bado alikuwepo.

"Kumbe amerudi," alisema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyenyimwa kitu.

Gerishon aliwapisha mkokoteni. "Nionyeshe," alimwambia Okello.

Okello, Mburu na Osewe walilibeba pande la juu hadi mlangoni. Waliligeuza, nyayo zikatazama chini. Wakalilaza taratibu juu ya jiwe lenye alama.

Jiwe liliyumba.

Watu wakaguna. "Si hilo," mtu alisema. "Ametuletea jiwe la mtaro." Angeline alitikisa kichwa.

"Ligeuzeni," Ndunge alisema. "Ncha hii ije huku. Mmeliweka kinyume. Mnyama anaenda mlangoni, nyinyi mnamrudisha getini."

Waliinua tena. Walilizungusha, wakalishusha kidogo kidogo. Palisikika sauti ndogo, kama mfuniko unaoingia kwenye sufuria yake.

Okello alibonyeza pembe moja. Akabonyeza ya pili. Akapanda juu yake kwa miguu yote miwili.

Jiwe halikuyumba.

Kwa mwezi mzima jiwe lile lilikuwa limeyumba mlangoni kwake. Sasa lilikuwa limetulia. Kingo za mapande yote mawili zilifuatana kila mahali, hata palipokuwa na pengo dogo kama kijiko.

"Mafundi wanaweza kutengeneza hivyo," mtu wa getini alisema. "Alichonga yote mawili."

"Hapana," Mburu alisema. Alijongea mbele. "Ligeuzeni tena, nyayo juu." Wakaligeuza kando, juu ya blanketi. Mburu aliinama, akaangalia kwa karibu. Kisha akamgeukia Gerishon na wageni wote. "Asubuhi nilisema nilimwona Okello akichonga. Ni kweli. Lakini sikujua kila kitu. Mimi ni fundi miaka kumi na miwili. Ili nyayo ziinuke namna hii, lazima mtu apunguze jiwe zima kuzizunguka. Njooni muone. Jiwe zima lina mikunjo ya maji, kama mchanga wa mtoni. Hakuna tindo imepita hapa, isipokuwa hili kovu la Osewe, na Osewe ni wa viatu."

Baadhi ya watu walicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia kicheko tangu asubuhi.

Ndunge alijitambulisha. Alieleza tena habari za mchanga, jua na miaka mingi. Angeline alimsikiliza, mikono kifuani.

"Unataka kutuambia dunia haikuumbwa?" aliuliza.

"Mimi pia huenda kanisani, Sista. Sikuja kusema nani aliumba. Nimekuja kusema nani alipita." Ndunge alitazama kote uani. Macho yake yakatua mbele ya jikoni, palipokuwa na sakafu mpya ya simiti. "Zile alama pale ni za nani?"

Watu waligeuka. Juu ya simiti palikuwa na msururu wa nyayo ndogo za vidole vitatu, kutoka ukutani hadi kwenye karai la maji.

"Ni kuku wangu," Angeline alisema. "Walipita kabla simiti haijakauka. Nilimwambia fundi azifute, akasahau."

"Simiti ilikuwa mbichi, ikakauka, alama zikabaki," Ndunge alisema. "Ulimwita mchungaji?"

Angeline alizitazama nyayo za kuku kwa muda. Kisha akalitazama jiwe. Pembe ya mdomo wake ikaanza kucheka kabla yeye mwenyewe hajaamua.

"Kwa kuku? Hapana," alisema. Alivua kiatu kimoja, akauweka mguu wake kando ya unyayo, bila kuugusa, akapima kwa macho. "Na huyu alikuwa mfupi hivi? Anafika gotini?"

"Gotini."

"Na mimi sikulala vizuri kwa ajili yake."

Gerishon alikwenda ndani. Alirudi na sanduku la vifaa la Okello, akamkabidhi mbele ya wote. "Huyu ni fundi wangu," aliwaambia wenye ploti. Hakuongeza neno. Kule getini, yule mtu alikitazama kipande cha jiwe mkononi mwake kama aliyesahau kilifikaje pale. Alikiweka juu ya ukuta, akaondoka.

Kabla ya maombi kuanza, Ndunge alimweleza Gerishon kwamba sheria inataka vitu kama hivyo vitolewe taarifa makumbusho. Gerishon alikubali mapande yote mawili yachukuliwe. Okello alilazimika kulitoa lile la chini kwenye simiti kwa mikono yake mwenyewe, siku ya Jumatatu, huku wataalamu wakimwangalia. Ilimchukua nusu siku. Hakulivunja hata kidogo.

Dereva wa lori aliulizwa mawe yale yalichimbwa wapi. Wataalamu waliandika jina la machimbo, wakasema watakwenda. Nyayo tatu alizozichonga Okello hawakuweza kuzisoma. Zile mbili zilizoinuka walizisoma kwa wiki nyingi. Ndunge alipopita kununua omena, alileta habari. Mnyama yule hakuwa anakimbia. Alikuwa anatembea tu.

"Na ule wa tatu?" Osewe alikuwa akiuliza kila mara. "Ungekuwa unasema nini?"

"Hatutajua," Ndunge alimjibu. Hakusema kwa ubaya. Tangu siku hiyo Osewe hakuuliza tena.

Mlangoni kwa Aoko sasa kulikuwa na jiwe jipya. Okello alilichonga siku ileile aliyoahidi. Halikuyumba, na Aoko alisema amekosa disko.

Miezi minne baadaye, lori lilishusha mawe mengine Kawangware. Okello na Mburu walikuwa na kazi ya haraka. Okello alipiga tindo ubavuni mwa jiwe nene. Likaachana. Alipoinua pande la juu, aliona kwenye lile la chini mstari wa vibonyeo vidogo, hafifu sana, kama mtu aliyegusa mchanga kwa ncha ya kidole.

Labda vilikuwa nyayo. Labda vilikuwa matone ya mvua ya kale. Labda havikuwa kitu.

Mkono wake ulikuwa umeshashika tindo. Vidole vyake vilijua cha kufanya. Mapigo matatu tu, na vibonyeo vingeonekana wazi.

Mburu alisimama, akamtazama.

Okello aliweka tindo chini. Aliyarudisha mapande pamoja kama yalivyokuwa, akayafunika kwa gunia, akaandika kwa chaki jina la machimbo na tarehe.

"Leo ni Jumamosi," alimwambia Mburu. "Ndunge atakuwa kwa Aoko ananunua omena. Nenda umwite. Mimi nitakaa hapa nichunge jiwe."

Mburu aliondoka haraka. Okello aliketi kando ya gunia, mikono juu ya magoti, akasubiri.